Chumba cha Hilda

Asubuhi hiyo nyumba ya Margareta, mtaa wa Majengo, Moshi, ilikuwa na pilikapilika. Baada ya wiki tano binti yake Hilda angekuja kutoka Mwanza kujifungua mtoto wake wa kwanza. Margareta alikuwa ameshapanda mlimani, kijiji cha Kilema, kuchagua ndizi za kupikia mtori, supu ya mzazi. Mbuzi alikuwa ananenepeshwa. Kanga zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa. Kilichokosekana ni chumba.

Chumba kilikuwepo, ila ndani yake alikaa mpangaji. Aliitwa Wenseslaus, kijana mpole aliyeuza mablanketi kutoka Holili, mpakani. Alilipa kodi kila mwezi bila kukumbushwa. Akikuta ndoo za Margareta tupu bombani, alizijaza. Lakini miezi ya mimba ya Hilda ilikuwa inakwisha, na kijana hakuonyesha dalili ya kuhama.

"Baba Hilda," Margareta alimwambia mumewe, Sirili, "kijana amekwenda Holili. Lete bisibisi utoe mlango wa chumba chake. Akirudi akute haupo, ataelewa mwenyewe."

Sirili alikuna kichwa. "Na vitu vyake?"

"Sivigusi. Nachukua mlango wangu tu. Si tuliununua sisi?"

Sirili alifungua bawaba. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani wakati jirani yao, Bi Rehmat, alipoingia uani. Bi Rehmat alikuwa na duka, na alipangisha vyumba tangu marehemu mumewe akiwa hai. Mkononi alishika kofia ndogo ya sufu aliyomfumia mtoto wa Hilda.

"Mnapaka rangi?" aliuliza.

"Tunamhamisha mpangaji," alisema Margareta.

Bi Rehmat alitazama mlango, akatazama chumba kilicho wazi.

"Mama Hilda, mlango ni wako. Lakini kujifungia humo ni haki yake, maana umepokea kodi yake. Ukitoa mlango, ukiezua bati, ukitupa vitu vyake nje, anaweza kukushtaki. Na kikipotea hata kijiko, utaulizwa wewe."

Sirili alitia bisibisi mfukoni. "Mimi nilisema."

"Hukusema," alijibu Margareta. "Ulikuna kichwa."

Kisha akamgeukia Bi Rehmat. "Sasa Hilda na mtoto watalala wapi, dada? Kijana nilishamwambia, ananyamaza tu."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia, Hilda anakuja kujifungua."

"Akasema nini?"

"Akasema, hongera mama. Kesho yake akaniletea sabuni za kufulia nepi."

Bi Rehmat alicheka mpaka akakaa juu ya kinu. "Hapo hukumwambia ahame. Ulimpa habari njema, naye akafurahi pamoja nawe."

Margareta alielewa kosa lake. Alikuwa ameona aibu kumwambia mtu mwema atoke, kwa hiyo alizunguka kwa maneno. Kumbe kijana hakuwa mkaidi. Hakuwa ameambiwa.

"Nifanyeje?"

"Mwambie waziwazi, kisha mwandikie. Barua itaje chumba, sababu, na tarehe ya kuondoka. Analipa kwa mwezi, basi mpe mwezi mzima atafute pengine. Andika nakala mbili, nyote mtie sahihi mbele ya mjumbe wa mtaa. Moja yake, moja yako."

"Na akikataa?" aliuliza Sirili.

"Chukua nakala yako uende kwenye baraza la ardhi na nyumba au mahakamani. Amri ya kumtoa mtu hutoka huko. Haitoki kwako, wala kwa hiyo bisibisi."

"Rudisha mlango upesi," Margareta alimwambia mumewe. "Kijana yuko njiani."

Walishika mlango wote watatu. Bawaba moja ilikuwa bado wakati Wenseslaus alipotokea na furushi begani.

"Shikamooni. Mlango umeharibika, mama?"

Margareta angeweza kusema ndiyo. Alimgeukia kijana.

"Marahaba, mwanangu. Haukuharibika. Niliutoa mimi, na nilikosea. Nakihitaji chumba hiki kwa ajili ya Hilda na mtoto, nami sikukuambia sawasawa."

Wenseslaus alitua furushi. Alitazama mlango. Kisha akamtazama Margareta.

"Mama, nilidhani Hilda atalala chumba cha mbele. Ungeniambia tu. Ila mlango, mama! Ningerudi usiku, ningedhani wezi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nipe muda tu wa kutafuta."

Jioni ile waliandika barua mbele ya mjumbe, wakatia sahihi. Bi Rehmat naye aliulizia kwa watu wake, akampatia kijana chumba Kiboriloni, karibu na barabara ya Holili. Wenseslaus alifurahi, kwa sababu sasa mzigo wake ungeshushwa mlangoni.

Kabla mwezi haujaisha, alihama. Sirili alimbebea kitanda. Walikikagua chumba pamoja, akakabidhi ufunguo, wakapeana mikono. Margareta alimfungashia mkungu wa ndizi. Siku hiyohiyo kuta zilipakwa chokaa.

Siku chache baadaye Hilda alishuka kwenye basi akitembea polepole, mkono mmoja kiunoni. Mama yake alimpokea mizigo yote.

"Mama, chumba kimepatikana? Wenseslaus yuko wapi?"

"Yuko Kiboriloni, anakusalimu. Atakuja kumwona mtoto."

"Hamkugombana?"

"Chumba ni chako, mwanangu," alisema Margareta. "Na hakuna aliyetoka humo akilia. Twende ukapumzike."