Fasi Isiyoulizwa

Mwezi wa saba Lubumbashi hakunyeshi. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi, baridi ya asubuhi inapasua midomo, na mvua ni habari ya miezi ijayo. Ndiyo maana Jumapili ile Mwila, aliporudi kutoka misa na kufungua mlango akapokewa na harufu ya udongo uliolowa, alisimama palepale na ufunguo mkononi. Ulikuwa udongo mbichi, wa kufukuliwa leo. Akajiambia ni bomba la jirani limepasuka, akaingia. Mtu mpweke hujidanganya upesi, maana hana wa kumbishia.

Chumba cha nyuma ndicho kilichomlisha. Humo zilinguruma seva, kompyuta kubwa walizochangia duka la dawa, parokia na watu kadhaa wa mtaa, kila mmoja na fungu lake la nafasi na la mtandao. Mwila hakugawa kwa mkono. Aliandika kanuni, mashine ikagawa yenyewe. Kanuni moja aliionea fahari sana: fungu ambalo halijaguswa wala kuulizwa na mtu kwa muda mrefu, apewe anayeomba. Haki kabisa, au siyo? Nani anapenda chumba kilale tupu wakati wengine wanabanana?

Simu ikalia. Alikuwa Mzee Adalbert tena, karani mstaafu wa reli, aliyekuwa na kafungu kadogo ka kuhifadhia picha za marehemu mkewe. Kila Jumapili alipiga kuuliza lilelile: "Maman Mwila, serveur iko inapumua muzuri?" Alijua inapumua. Alitaka tu kusikia sauti ya mtu, na Mwila alilijua hilo fika, na tangu Pasaka alikuwa anaiacha simu ilie mpaka ichoke. Na leo akaiacha.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na ombi, limeshakubaliwa. Mwombaji hakuwa na jina. Alichopewa ni fungu la Bwalya.

Bwalya alikuwa mumewe. Alizikwa mwaka jana, mvua ikiingia kaburini pamoja naye, na sauti zake zote zilizorekodiwa zilihifadhiwa kwenye fungu lile ambalo Mwila hakuthubutu kulifungua hata mara moja, kwa kuogopa kulia. Baada ya mazishi ndugu wa Bwalya kutoka Sakania walikuja kufuata desturi, kumweka mtu wa ukoo arithi jina na fasi, yaani nafasi, ya marehemu. Mwila aliwafukuza. Alisema yeye ni Mkristo, tena amesoma, mambo hayo yamepitwa na wakati. Waliondoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina ndani ya nyumba yake.

Kiti kikalia sebuleni.

Kiti cha Bwalya kilikuwa na mlio wake, mrefu halafu mfupi, wa mtu mzito anayeegemea. Mwila akatazama kioo. Ombi jipya: kiti. Limekubaliwa. Chini yake: nusu ya kitanda. Limekubaliwa. Kompyuta haijui kiti wala kitanda, aliyeomba alijua. Watu wa pwani wangemwita jini, sisi tunasema muzimu, na jina halikumsaidia Mwila kitu, kwani alijaribu kuifuta kanuni ikakataa, akachomoa waya ukutani lakini kioo hakikuzima na feni za seva ziliendelea kuzunguka bila umeme, polepole, zikivuta na kutoa kama kifua cha mtu aliyelala, na harufu ya udongo ikaja mpaka kizingitini, ikasimama, na kutoka sebuleni sauti ya Bwalya, ileile, pamoja na kikohozi chake kidogo, ikasema:

"Mwila. Kuya tuikale."

Na hapa ndipo pa kusikitika: alipoitwa aje wakae, aliinuka. Mwaka mzima alikuwa na njaa ya sauti hiyo. Alikuwa ameshageukia mlango alipoliona ombi la mwisho. Mwila. Limekataliwa, ameulizwa leo.

Hakungoja kufikiri ni nani aliyemuuliza. Alitokea mlango wa uani, akampigia Tantine Victorine, dada wa Bwalya aliyeishi mtaa wa Katuba, ambaye naye alifukuzwa mwaka jana pamoja na wale wa Sakania.

"Tantine," akanong'ona, "kuko muntu ku kiti ya Bwalya."

Victorine akajibu: "Nilikuambia, mutoto wangu. Fasi ya mufu haibakiake bule, bila muntu. Usiingie. Niko nakuya."

Alifika kwa pikipiki kabla jua halijazama, na unga mweupe wa tambiko kwenye fundo la kitenge. Hakumkumbusha Mwila matusi ya mwaka jana. Aliupaka unga kwenye kiti, akakikalia kwa uzito wake wote.

"Fasi iko na mwenyewe," akasema, akilichukua jina la kaka yake. "Mi njo Bwalya. Huyu ni muke wangu, na mi njo namuita. Mwila. Mwila. Mwila."

Mwila akaitika kila mara, huku analia. Harufu ikarudi nyuma, ikapita kando ya miguu yao, ikatoka nje. Feni zikazima.

Akarudisha waya, na safari hii kanuni ikakubali kufutika. Lakini chini ya ombi la Mwila yalikuwepo maombi yaliyoingia baada ya yeye kukimbia. Fungu la Adalbert. Kiti cha Adalbert. Adalbert. Yote yamekubaliwa. Ndipo alipoelewa ni nani aliyemuuliza leo, kwa ile simu aliyoiacha ilie, na kwamba yule mzee hakuwa na wa kumuuliza.

Akampigia. Ikapokelewa hapohapo.

"Papa Adalbert? Ni mi, Mwila. Unaniskia?"

Akasikia kiti kikilia, mlio mmoja mrefu. Kisha sauti ya mzee, yenye adabu zake zote:

"Adalbert haiko, maman. Ulichelewa. Fasi yake ilikuwa bule."