Gauni la Kijani Limepwaya

Fundi cherehani huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa sababu mdomo wake ulijaa pini tangu asubuhi hadi jioni. Wateja walizoea kujibiwa "Mm" tu. Mkewe peke yake ndiye aliyejua "Mm" ipi ni ndiyo, na ipi ni kuuliza chai iko wapi.

Waliishi katika vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia nguo na kioo kirefu. Cha nyuma walilala wao. Watoto walikuwa wamekua na kuondoka.

Mke alifanya kazi katika bekari. Miaka kumi alikaa dirishani akiuza mikate. Kisha presha yake ikapanda. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia apunguze chumvi na auchangamshe mwili. Mama wa watu akaomba kuhamia kwenye meza ya kukandia unga. Kwa miezi minne alikanda madonge makubwa, akabeba magunia, na jioni akarudi nyumbani kwa miguu pamoja na Nesi, jirani yao wa mlango wa pili.

Kila Jumamosi alipita duka la dawa kujipima uzito. Jumamosi moja alirudi, akaketi na viatu vyake miguuni.

"Ngapi?" Fundi aliuliza.

"Themanini na nne. Miezi minne, Baba Watoto, na ni ile ile themanini na nne. Hata chakula cha mchana nimeacha wiki ya tatu sasa. Nimechoka. Jumatatu namwambia bosi anirudishe dirishani. Na kutembea nako basi."

Fundi alimtazama. Midomo ya mkewe ilikuwa mikavu. Roho ilimuuma, maana alimpenda sana mwanamke huyu, na alikuwa akiona kwa macho yake kwamba amepungua.

"Vaa lile gauni la kijani," alisema.

Akalivaa. Likapwaya kiunoni, likalegea mgongoni. Fundi akatabasamu na pini zake. Mkewe akajitazama kwenye kioo. Kisha akamtazama mumewe.

"Toa pini mdomoni."

Akazitoa.

"Umeliachia hili gauni."

Kuachia, kwa mafundi, ni kufumua mshono na kuushona upya pembeni zaidi, ili nguo iwe pana.

"Sijaligusa, haki ya Mungu."

Mke akalivua, akaligeuza ndani nje. Kando ya mshono kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vidogo. Sindano ilikuwa imepita pale zamani.

"Na hivi vitundu?"

 Kweli Fundi aliliachia, lakini miaka miwili iliyopita. Siku zile, kila mkewe aliposimama mbele ya kioo na kunung'unika kwamba nguo inambana, Fundi alisubiri aende kazini. Kisha alifumua, akaachia kidogo, akaning'iniza nguo mahali pake. Jioni mkewe alisema, "Mbona leo limenikaa vizuri?" Naye alijibu, "Mm." Alifanya hivyo kwa magauni matano. Hakuweza kuvumilia kumwona akihuzunika. Sasa alitaka kueleza, lakini aliona haya, akarudisha pini mdomoni.

"Unanivika kilemba cha ukoka, mume wangu," mke alisema polepole. "Mizani haijui kunibembeleza. Mimi naiamini mizani."

Jumatatu alikwenda kazini bila kutia kitu kinywani. Kabla ya saa nne wenzake walimrudisha wamemshika mikono. Alikuwa ameanguka kando ya meza ya unga.

Fundi alitoka mbio kumwita Nesi, tepe ikiwa shingoni. Bahati nzuri alikuwa nyumbani. Alikuja na kipimo chake cha presha. Akapima, akapima tena.

"Presha yako ni nzuri kuliko miezi minne iliyopita," alisema. "Kilichokuangusha ni njaa. Shemeji, lete chai na mkate. Na yai kama lipo."

Mgonjwa alikula. Macho yakarudi mahali pake. Ndipo akasema yote: mizani, dirisha, na gauni.

"Hebu nikuulize wewe mtu wa bekari," Nesi alisema. "Una kilo ya unga uliokandwa sasa hivi, na kilo ya unga ulioumuka. Upi mzito?"

"Zote kilo moja. Nesi, hilo swali la mtoto."

"Na upi unajaza beseni?"

"Ulioumuka."

"Basi mwili nao uko hivyo. Mafuta yanachukua nafasi kubwa. Misuli imeshikana, inachukua nafasi ndogo. Wewe umekanda na kubeba miezi minne. Mafuta yamepungua, misuli imeongezeka. Mizani inajumlisha vyote: mifupa, misuli, mafuta, maji, hata hiyo chai. Haikuambii kipi ni kipi. Ukishinda na njaa, misuli hiyo hiyo inaanza kuondoka, halafu unaanguka."

Fundi aliitikia kwa kichwa. "Ni kweli. Nina wateja wawili, urefu wao mmoja na kilo zao sawa. Mmoja anabeba mizigo, mwingine karani. Suruali zao haziingiliani kabisa."

"Huyu naye atasema lolote kunifurahisha," mke alisema. "Nesi, mimi dirishani narudi."

"Shemeji," Nesi aliuliza, "kiuno chake cha mwanzo umekiandika popote?"

Fundi alikuwa amekiandika. Siku mkewe alipohamia kwenye kukanda, alimshonea aproni na kuandika vipimo katika daftari. Lakini katika daftari hilo hilo kulikuwa na kila gauni aliloliachia. Akilifungua, siri yake imetoka. Akilificha, mkewe anarudi kukaa dirishani, na presha inarudi naye.

Akalileta, akalifungua mbele ya mkewe.

Aproni, miezi minne iliyopita: kiuno sentimita mia moja na nne. Nesi akachukua tepe, akampima. Tisini na tano.

Mke alishika tepe akaisoma mwenyewe. Kisha akarudisha kurasa nyuma. Akasoma kwa sauti: "Gauni la kijani. Achia sentimita nne. Asijue."

Akasoma tarehe. Ilikuwa ya miaka miwili iliyopita. Akafunua tena. Asijue. Asijue.

"Nisamehe," Fundi alisema. "Nilikuwa sipendi uhuzunike. Lakini safari hii sikugusa kitu."

"Yale magauni yalikuwa yanamwonya, shemeji, na wewe ukayaziba mdomo," Nesi alisema.

Mke alikuwa na machozi, lakini alikuwa anacheka. "Mwizi wewe. Na huu ukurasa wa suruali zako? Nyeusi, achia. Kahawia, achia."

"Mimi mwembamba," Fundi alijitetea. "Kila mtu anajua."

"Simama," alisema Nesi. Akampima urefu, kisha tumbo. "Kiuno kisizidi nusu ya urefu. Chako kimezidi. Miguu myembamba, tumbo limejificha chini ya shati, na unakaa kutwa. Wembamba wa kuonekana si kipimo cha afya. Nipe mkono nikupime presha."

Presha ya Fundi ilikuwa juu. Kesho yake alikwenda zahanati, mkewe akimsindikiza.

Mke hakurudi dirishani. Alirudia kula mchana, akaendelea kukanda na kumeza vidonge vyake kama alivyoelekezwa. Kiuno alijipima mara moja kwa mwezi. Jioni walitembea watatu, Fundi nyuma akihema, wanawake wakimtania.

Jumamosi moja mke alileta gauni la kijani mezani. "Libane," alisema, "nikiwa hapa hapa natazama."

Fundi alitoa pini mdomoni. Alifumua, akashona, akakata uzi. Mkewe akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasimama pale muda mrefu. Fundi akafungua daftari akaandika: Gauni la kijani. Bana sentimita tano. Anajua.