Kitanzi cha Mama

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Sindano huketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake, ambaye hufanya kazi na mtoto mchanga mgongoni, na kushona vitanzi vya vifungo. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake. Siku moja alikuwa anakata uzi kwa meno, mara mteja mmoja akaangua kicheko mlangoni, akimtazama Mama.

"Eti shoga, unakwenda zahanati kuwekewa kitanzi?"

Mteja huyo aliitwa Redio, kwa sababu hakuzimika. Kuhusu mwili wa binadamu hakuwahi kusoma chochote zaidi ya maandishi ya chupa ya dawa ya kikohozi, lakini alijifanya daktari wa mtaa mzima.

"Kitanzi ni cha kunyongea," alisema, akijitupa kitini bila kukaribishwa. "Kinapanda mdogomdogo mpaka kifuani, kinakaba moyo. Mtoto wa jirani yangu alizaliwa amekivaa shingoni kama mkufu."

"Wa dhahabu au wa shaba?" Mama aliuliza bila kuinua macho.

Redio akakohoa. Uongo wake haukuwa umefika huko.

Mama aliendelea kushona bila kumkanusha, na hilo ndilo lililomtisha Sindano. Alikivuta kitanzi cha uzi kwenye kidole chake mpaka kikafa ganzi. Mama alipoingia ndani kubadilisha nguo, binti alificha viatu vya mama yake chini ya rundo la vitambaa.

Mama alivitafuta, kisha akamtazama. "Sindano."

"Sitaki unyongwe, mama."

"Basi twende wote ukaone hicho kinyongeo."

Huko zahanati, muuguzi alimwekea Sindano kiganjani kijiti laini cha plastiki chenye umbo la herufi T, kidogo kuliko kidole chake.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho. Kinakaa kwenye mfuko wa uzazi kuzuia mimba. Hakina miguu, kifuani kitakwendaje? Mama akitaka kuzaa tena, tunakitoa."

"Mbona kinaitwa kitanzi?"

"Vya zamani vilijipinda, kama vitanzi vyenu vya vifungo. Jina limebaki. Nani alikutisha?"

"Redio."

"Kila mtaa una redio yake, hata shuleni kwenu zipo. Zitakwambia msichana hapati mimba mara ya kwanza, au akioga upesi ameponyoka. Upuuzi mtupu. Mara moja inatosha, na maji hayaoshi mimba. Tena vidonge vya kupanga uzazi na kitanzi havizuii magonjwa. Kondomu ndiyo hukinga, ikitumiwa sawasawa. Wewe bado mdogo, na kusubiri si ushamba. Ila ukiwa na swali, muulize anayejua, si anayepiga kelele."

Mama alipokwisha kuwekewa chake, walirudi. Redio alikuwa bado kitini, amejipepea mpaka amechoka.

"Umerudi mzima? Ngoja kipande mpaka kifuani."

Sindano alifungua mdomo, lakini Mama alimtangulia. Aliweka mkoba wake juu ya cherehani, taratibu.

"Shoga, nilipomzaa huyu wa mgongoni damu ilinitoka mpaka nikawa siwasikii watu. Daktari akanionya nisibebe mimba nyingine upesi. Wewe ulikuja kunitazama, ukaniuliza mtoto amefanana na nani." Aliweka mkono begani mwa Sindano. "Siogopi kitanzi. Naogopa kumwacha huyu akishona peke yake."

Redio, kwa mara ya kwanza, alizimika.