Kichwa na Mkia

Saa mbili kasorobo asubuhi, zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia, mlango mkuu wa redio ya taifa ulivuma kama mzinga uliotikiswa. Katika msongamano huo mtangazaji wa zamu, aliyevaa gauni la zambarau na kitambaa cheupe shingoni, akakumbana ana kwa ana na fundi sauti, mpenzi wake wa mwaka wa pili. Hakutarajia kumwona kabla ya adhuhuri.

Jana jioni mtangazaji alikuwa amemrekodia fundi katika simu ujumbe wa dakika saba. Alikuwa amepewa uongozi wa kituo kipya cha redio hiyohiyo, katika mji ulio mwendo wa siku nzima, naye amekubali. Kituo kilihitaji pia fundi sauti, na maombi yalikuwa yanafungwa leo saa kumi alasiri. Swali lake lilikuwa moja: twende pamoja, au tuagane kiutu uzima?

"Ulipata ujumbe wangu?"

"Niliupata, malkia. Sauti safi, haina hata mkwaruzo."

"Nakuuliza ujumbe, unaniambia mkwaruzo! Unasemaje?"

Fundi akatabasamu kwa upole wa mtu asiyejua kwamba amekanyaga kaa la moto. "Mimi sina neno, mpenzi. Fanya unavyoona sawa." Akambonyeza kidole, akapotelea katika umati.

Sina neno! Miaka miwili ya kungojana ngazini, na mtu anaagwa kama mzigo wa posta.

Lakini redio ya mazungumzo haimsubiri mwenye uchungu. Saa mbili zilisomwa habari. Saa tatu wakulima wakalalamikia viwavi. Saa nne daktari wa meno akajibu maswali ya wasikilizaji. Saa tano maprofesa wawili wakagombania maji ya mto ambao, kwa jinsi walivyozungumza, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Kati ya kipindi na kipindi yeye ndiye aliyekuwa daraja. Sauti yake iliteleza kama mafuta, huku kiatu chake kikiitwanga sakafu chini ya meza.

Saa sita simu ya ndani ikalia.

"Kipenzi, umekula?"

"Sina njaa."

"Mbona kama umenuna?"

"Mimi? Ninune kwa lipi, nami nimeambiwa nifanye ninavyoona?"

"Si ndiyo heshima hiyo? Wenzangu huamrisha."

"Heshima yako kaioshee vyombo." Akakata simu.

Saa nane kilianza kipindi cha kumbukumbu. Mhandisi mstaafu alisimulia ujenzi wa daraja kuu: jinsi mvua ilivyowakuta, jinsi walivyomwaga zege mchana kutwa. Ghafla, bila hata pumziko, sauti ya mwanamke ikaeleza namna ya kumshika jogoo mabawa anapochanjwa. Dakika nne nzima kuku walichanjwa juu ya daraja, hata sauti ya mtangazaji ilipoingia kuomba radhi ikawa inatetemeka kwa hasira. Msikilizaji angedhani ni kicheko.

Alipozima kipaza sauti akainyakua simu.

"Fundi! Kuku wamefikaje darajani?"

"Kuku gani?"

"Hukuisikiliza rekodi hii?"

"Niliisikiliza. Kichwa nusu dakika, mkia nusu dakika. Ndivyo tunavyokagua sote. Vipindi thelathini kwa siku, nani ana muda wa katikati?"

Jambo likamjia mtangazaji polepole, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa.

"Na ujumbe wangu? Dakika saba zile?"

"Ni mazoea, mpenzi. Nilisikia mwanzo, 'nina jambo la kukuuliza,' na mwisho, 'nijibu kesho, lala salama.' Nikajua ni yale mapazia."

"Mapazia!"

"Wiki nzima unaniuliza habari za mapazia!"

"Sasa nenda kausikilize wote. Na usinipigie kabla hujaufikisha mwisho."

Alipoweka simu, hasira haikupungua hata chembe, ila sasa ilipata mwenzake: hofu. Tangu asubuhi alikuwa ameshika jibu lisilo jibu. Jibu lenyewe lilikuwa bado njiani, nalo lingeweza kuwa hapana. Fundi alizaliwa katika mji huu, na mama yake alikuwa akiishi mtaa wa pili kutoka kwake. Saa tisa mwanasheria akaeleza haki za wapangaji. Mtangazaji hakusikia hata haki moja. Saa tisa na nusu, kimya. Saa kumi kasoro robo, kimya.

Zikiwa zimebaki dakika tano, mlango wa studio ukasukumwa. Fundi aliingia akihema, jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

"Saa nzima na zaidi kwa dakika saba!" mtangazaji akafoka.

"Nimeusikiliza mara tatu. Kisha nikaenda kwa mama. Kisha ofisi ya utumishi, na bibi yule wa dirishani akanirudisha mara mbili: mara picha, mara sahihi ya mkuu wangu."

"Mkuu wako akakubali?"

"Amesema kwa kuku wale, ananiruhusu kwa moyo mkunjufu."

Mtangazaji akauma mdomo asicheke. "Na mama?"

"Alilia kidogo. Halafu akauliza kama huko kuna chumba cha wageni." Fundi akapangusa uso. "Fomu imepokelewa. Wakininyima kazi nitakuja vilevile, hata kama ni kutengeneza redio mbovu sokoni. Lakini siendi mji wa watu nikiwa mgeni wako. Nikubalie nikuoe."

Mtangazaji akamtazama juu hadi chini.

"Unanichosha, wewe mwanamume."

"Najua."

"Leo sikupi jibu. Leo yote nimeitengea hasira, na bado sijaimaliza."

"Itaisha lini?"

Mshale wa sekunde ulikuwa unakimbilia saa kumi. Mtangazaji akavuta karatasi za habari, akazigongesha mezani zilingane.

"Kesho saa tatu asubuhi mama yangu yupo nyumbani. Njoo na mjomba wako, na usichelewe. Sasa toka nje, nina habari za kusoma."