Mawe Matatu Mdomoni mwa Mfereji

Siku za zamu yao ya maji, Tuda hakuhitaji kuamshwa. Jua likigusa ukuta wa msikiti, anabeba jembe, anapanda mpaka kule juu mfereji unakoanzia mtoni, anafungua, maji yanashuka kwenye mashamba ya kwao. Kivuli kikiufikia mwamba mwekundu, anapanda tena kufunga. Alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu kama ya mbuzi, kwa hiyo kupanda hakukumsumbua. Kilichomuudhi ni kule kufunga. Unabeba mawe, unayapanga mdomoni mwa mfereji, unaziba mianya kwa mabonge ya udongo na nyasi, halafu unakanyaga, unakanyaga, mpaka tope likufike magotini.

Na kiangazi, wa mwisho kwenye zamu lazima afunge. Hilo halina mjadala. Mvua hunyesha huko vileleni ambako huoni kitu, mto unafura ghafla, na mfereji ulioachwa wazi unauleta mto wote mashambani. Kijijini kwao mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kuhesabu.

Siku hiyo alikuwa ameshaweka mawe matatu tu aliposikia kengele za nyumbu wa mizigo, kisha sauti ya binamu yake Yidir ikipanda kutoka bondeni.

"Tudaaa! Mjomba Hmad kashuka na wageni! Wana mtoto ana nywele kama ndevu za mahindi! Baki huko na matope yako!"

Mjomba Hmad alikuwa kiongozi wa watembea milimani, na wageni wake walikuwa wakitembea naye kijiji hadi kijiji siku kadhaa sasa. Tuda akatazama mbingu: nyeupe, safi. Akatazama mawe yake matatu. "Nitarudi baadaye," akajiambia, akatupa jembe begani na kushuka mbio.

Nyumbani palikuwa pamechangamka. Bibi Itto alikuwa akimimina chai ya mnanaa kutoka juu, mkono umenyooka, bila kumwaga hata tone. Mama mgeni alikuwa ameshika pia ya kusokotea sufu, uzi unamkatikia, wanawake wanacheka mpaka wanafuta machozi.

"Mwambieni aolewe kwanza na kondoo, ndipo sufu itamtii!" akasema Bibi, na Mjomba alipotafsiri, mgeni mwenyewe akacheka kuliko wote.

Kisha Bibi akamgeukia Tuda. "Umefunga?"

"Nimefunga, Bibi."

Mkate wenye siagi na asali ulikuwa tayari mkononi mwake. Uongo ulimtoka laini kuliko hiyo siagi.

Wageni waliomba kupiga mahema chini ya miti ya jozi, pale mashamba yanapoishia, penye kivuli. Mjomba hakuamua peke yake. "Mama, unasemaje? Chini kule pako salama?"

Bibi akafikiri kidogo. "Si mfereji umefungwa? Basi hakuna neno. Waende."

Tuda aliacha kutafuna.

Mahema yakapigwa. Yule mtoto wa wageni, Femke, alikuwa amechoka hoi. Akalala humo ndani, baba yake pembeni yake. Na jua lilipoanza kuinama, wingu likatokea nyuma ya kilele. Halikuwa kubwa. Lilikuwa jeusi tu, na halikwenda kokote.

Nyumbu mmoja akaanza kuvuta kamba. Akavuta tena, masikio yameelekea juu. Radi ikanguruma mbali, kavu, bila tone la mvua. Halafu kikaja kitu kilichomfanya Bibi aweke chini birika: mto ulinyamaza. Maji yaliyokuwa yakivuma tangu asubuhi yakawa kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Kuna mahali huko juu mto umezibika," akasema Bibi polepole. "Ukizibuka, Mungu atusitiri."

Tuda akajipenyeza mlangoni na jembe lake. Mjomba akamdaka bega.

"Unakwenda wapi wewe? Hakuna anayesogelea mto saa hii!"

"Mwache," Yidir akamzodoa. "Anaogopa radi, anataka kujificha zizini."

Watu wakacheka kidogo. Kicheko kile kilimpa Tuda njia ya kutokea: angeweza kunyamaza, akaitwa mwoga, yakaisha. Lakini kutoka pale mlangoni aliyaona mahema, na viatu vidogo vya Femke vimepangwa nje.

"Sikufunga," akasema. Kicheko kikaizima sauti yake. Akapiga kelele: "Bibi, sikufunga! Niliweka mawe matatu tu! Nilikudanganya!"

Hakuna aliyemgombeza. Hapakuwa na muda. Mjomba alikuwa ameshavuka uani, anaruka kuta za mashamba, anaita kwa lugha ya wageni. Yidir nyuma yake. Baba mgeni akatoka, akataka kurudi kuchukua begi. Mjomba akamsukuma mbele kama mbuzi mkaidi. Yidir alimbeba Femke na blanketi lake, usingizini bado.

Walikuwa hawajaifikia nyumba harufu ya tope ilipotangulia. Kisha mlio, kama mlima unasaga meno. Maji ya kahawia yakatoka mferejini na mawe yake, yakayapita mashamba, yakayakunja mahema kama leso na kwenda nayo. Shamba la viazi la jirani yao, Mzee Uhsain, likabaki mwamba mtupu.

Kesho yake wazee walikaa, wakaamua kama mila inavyotaka: nyumba iliyoacha mfereji wazi iwapikie wote wanaoukarabati, mpaka maji yapite tena. Kijiji kizima kilibeba mawe. Wageni nao walibeba. Tuda alipeleka bakuli za uji wa shayiri, na ya kwanza alitakiwa kuiweka mbele ya Mzee Uhsain.

Mzee alichota kijiko, kisha kingine. Tuda alisimama, macho chini.

"Chumvi haitoshi," akasema mwishowe, akamrudishia kijiko. "Lete nyingine."

Tuda akakaa nyuma ya ukuta na kulia. Bibi Itto akaja, akachuchumaa karibu yake.

"Kuacha kazi nusu ni uvivu," akasema. "Mvivu tunamfundisha, anapona. Lakini uliponiambia umefunga, niliwalaza watu kwenye njia ya maji kwa mdomo wangu mwenyewe. Hapa hakuna askari wa kukagua mawe, mjukuu wangu. Tunalala kwa neno la mwenzetu. Ukikosea, sema palepale, aibu ikiwa bado changa. Maji hayangoji uwe tayari. Jana ulichelewa kusema, ila ulisema, na yule mtoto na baba yake wako hai. Sasa futa uso. Chumvi iko jikoni."