Barabara Iliyofungwa Kuanzia Mdomoni

Nashon Owino alikata tonge la ugali, akatafuna, na jino likagonga changarawe.

"Mama Helen, unga huu uliuchekecha?"

"Nilichekecha mara mbili," mkewe Nanyama akajibu. "Na hilo vumbi kitandani kwa mtoto nalo utasema ni langu?"

Kweli, blanketi la Helen lilijaa vumbi jeupe la mawe, na huko nje mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, mtaa mzima wa Nsambya tope tupu. Vumbi hilo Nashon alilijua kama jasho lake mwenyewe. Alikuwa dereva wa greda kwenye machimbo ya mawe nje ya Kampala. Mwenye machimbo alifukuzwa nchini miaka ile ya wanajeshi, na Kapteni mmoja akapewa kilima kizima kama mtu anavyopewa kuku.

Juma lile walikuwa wamefunga barabara ya malori iliyoshuka shimoni. Sheria ilitaka barabara isiyotumika ichimbuliwe, udongo urudishwe, nyasi zipandwe; mkaguzi asiporidhika, hakuna kibali cha kuvunja kilima kingine. Na kila dereva mwenye akili huanzia shimoni, akachimbua akija nje. Lakini Kapteni, ambaye sheria aliijua kwa kuivunja tu, alisema, "Anzia huku mdomoni, kwenye lami. Mkaguzi akipita na gari aone kazi." Nashon abishe? Thubutu! Wabishi walishushwa barabara ile ile ndani ya gari la Kapteni, na gari likipanda tena, lina Kapteni peke yake. Basi akaanzia mdomoni, akamalizia shimoni, akatoka na greda ikirukaruka juu ya mabonge aliyoyachimbua mwenyewe. Mashine ilikuwa nzito siku hiyo. Akalaumu dizeli, masikini mjinga.

Baada ya changarawe ikaja harufu, dizeli na mwamba uliopasuliwa, mchana kweupe, madirisha wazi. Kisha meza ikahamia ukutani. Nanyama akairudisha, akageuka kuchukua sufuria, meza iko ukutani tena, na viti navyo, na kabati, vyote vimesukumwa pembeni, na katikati ya nyumba, kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, pamebaki peupe, pamenyooka kama njia. Kitanda cha Helen tu ndicho kilibaki katikati, maana hakikusogea hata Nashon aliposhika upande huu na mkewe upande ule wakavuta hadi mikono ikachubuka. Na alasiri mngurumo ukapanda kutoka sakafuni, mzito, wa lori lililosheheni, ukapita sebuleni, ukapita juu ya mtoto, naye akajikunja bila kulia, akakohoa vumbi jeupe, na kifuani pake ukajichora mstari mwekundu, mpana kama tairi, na walipombeba wakamkimbiza kwa jirani mngurumo ukamfuata huko huko, ukampitia tena, na mstari ukazidi kuzama, wakamrudisha kitandani.

"Baba Helen," Nanyama akanong'ona, "mtoto wetu anakufa. Fanya kitu, hata kama ni mganga wa Kibuli."

Wakamleta mganga huyo, Marjan, Mnubi mwenye kisirani, aliyewasomea wagonjwa Kurani huku akiwatukana jamaa zao. Alifika mlangoni, akakataa kuingia.

"Mimi nisimame katikati ya barabara? Wewe dereva, ulianza kuchimbua wapi?"

"Mdomoni, mzee."

"Ukalifungia ndani! Jini la mwamba ule lina njia moja tu, na huyo mkubwa wako amelilisha watu mpaka limenenepa. Wewe ulitokaje?"

"Juu ya greda."

"Basi mlitoka wawili. Liambie mwende kazini. Shuka nalo mpaka shimoni, safari hii chimbua ukija nje, ulisukume mbele yako. Likikanyaga lami litashika njia nyingine. Lakini usiliongoze tena kwenye mlango huu. Likirudi, mtoto utamzika."

Nashon akasimama kando ya kitanda. "Twende kazini," akasema. Kitu kikamkalia mabegani, kizito, cha baridi, na njia nzima hadi machimboni hakuthubutu kugeuza shingo. Shimoni kikamshuka mabegani. Akachimbua upya kutoka pale, meno ya greda yakilia juu ya mawe, na mbele yake vumbi jeupe likarudi kinyumenyume, limesimama wima juu ya udongo uliolowa, na ndani ya vumbi watu wanaita majina ya wake zao, mmoja kwa Kiacholi, mwingine kwa Kiganda, wengine sauti zimekwisha, na Nashon analia huku anakanyaga mafuta kwa sababu kusimama hawezi, mpaka vumbi likafika kwenye lami.

Likatulia. Kisha likaingia kwenye gari la Kapteni, lililokuwa limeegeshwa pale, mlango wazi. Gari likabonyea nyuma.

Kapteni alikuwa kando ya barabara anachekelea. Hakuona kitu. "Owino! Mkaguzi amepita sasa hivi, amekubali! Wewe ni mutu ya kazi. Panda, nakupeleka mpaka nyumbani."

"Asante, afande, nitatembea tu."

"Nimesema panda." Tabasamu limekwisha.

Nashon akapanda. Harufu ya mwamba ikamjaa puani, na nyuma ya shingo yake kitu kikashusha pumzi. Wakateremka Kampala, wakaingia Nsambya. Akaiona nyumba yake. Helen ameketi kizingitini, kifua wazi, mstari umefifia, anatafuna muwa. Mtoto alimwona baba yake dirishani, akacheka, akanyanyua muwa juu na kuupunga.

Kapteni akapunguza mwendo. "Ni hapa?"

"Hapana, afande," Nashon akasema, macho mbele. "Bado mbele."