Punje za Marit

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Marit alikaanga mayai huku redio ikinguruma jikoni. Sauti ilikuwa ya Wade Kettering, mhafidhina aliyechambua siasa hewani kwa miaka mingi. Babu yake Marit, Mzee Orrin, hakugusa kahawa kabla ya kumsikia. Tusimwonee Kettering. Zahanati ya wilaya yao, huko jimbo la Iowa, Marekani, ilipotaka kufungwa, ni yeye aliyepiga kelele hadi ikabaki. Alipogombea ubunge, wakulima wengi walimwona ni mtu wao.

Maonyesho ya kilimo ya kiangazi yalikuwa na desturi yake: kila mtu hudondosha punje moja ya hindi katika chupa ya mgombea anayempenda. Marit aliona chupa ya Kettering haijafika hata nusu, akamhurumia babu. Msimamizi alipogeuka, alichota punje kwa viganja akazimimina humo mpaka ikafurika.

Kettering aliisifu chupa hiyo redioni kila siku. Novemba, katika uchaguzi wenyewe, akashindwa vibaya.

"Chupa yangu ilifurika," alisema hewani. "Kura zangu zimekwenda wapi?"

Babu alilibeba swali hilo hadi kwa jirani yao, Mzee Lowell, mmoja wa waliohesabu kura kanisani, kilipokuwa kituo cha kupigia kura. Wazee hao walikuwa wakivuna pamoja tangu ujana wao, kwa mashine ya Lowell.

"Mmetuibia, Lowell."

"Orrin, mimi mwenyewe nilimpigia Kettering."

"Mwizi, tena mwongo. Mashine yako isikanyage shamba langu."

Mahindi yakabaki yamesimama, yamekauka. Kila siku Marit alitaka kusema, na kila siku ulimi ulikuwa mzito. Halafu theluji ikaja na upepo mkali, ukayalaza mahindi karibu yote. Marit alipomwona babu amesimama dirishani akiyatazama, alishindwa kujizuia. Alilia, akasema yote.

Babu alizima redio. Hakumkaripia, na hilo lilimuuma Marit zaidi. Wakaenda kwa Lowell, na babu akaomba radhi mlangoni, kofia mkononi. Lowell alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua ufunguo wa mashine.

Alivuna kidogo kilichosalia. Marit alikuwa ameandaa vikombe vya kahawa, kama kila mwaka baada ya mavuno. Lowell aligeuza mashine akaenda zake bila kuingia ndani.

"Atarudi, Babu?"

"Sijui, mjukuu wangu." Mzee aliketi. "Wewe ulidanganya ili nifurahi. Mimi nikaamini kwa sababu nilifurahi, nikamwita rafiki yangu mwizi bila kuuliza. Siku nyingine niambie ukweli mapema, hata ukiniudhi. Hasira yangu ingepita."

Marit alikitazama kikombe cha Lowell. Hakuna aliyekiondoa mezani, na kahawa ikapoa ndani yake.